Banda la bata uani: la mbao lililoinuliwa, la matofali, au la kuhamishika?

Anayetaka kufuga bata wachache uani kwake, kwa kuwa anawapenda na kwa ajili ya mayai mawili matatu ya asubuhi, hufika mapema kwenye swali moja linalomkwamisha: ajenge banda la namna gani? Seremala atamshauri la mbao, mwashi atamshauri la matofali, na jirani aliyewahi kufuga atamwambia kwamba fremu nyepesi iliyozungushiwa wavu inatosha kabisa, mradi iweze kusogezwa. Wote watatu wana hoja, na kila mmoja anazungumzia banda linaloweza kuwatunza bata kwa miaka mingi. Tofauti ipo mahali ambapo kila banda huanza kushindwa, na kwa uzoefu wangu hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Hakuna banda lisilo na kasoro, hivyo mfugaji wa bata sita achague lile ambalo kasoro yake anaweza kuiona na kuirekebisha kila siku bila kuchoka.

Katika makala haya ninachukulia bata sita wazima. Kwa ndani, kila bata apewe walau mita za mraba 0.4, kwa hiyo sakafu ya ukubwa wa karatasi moja ya plaiwudi, yaani futi 8 kwa 4, inawatosha sita na kubakiza nafasi ya kiota. Nje, kwenye uzio wa mchana, mita za mraba 1.5 kwa kila mmoja ndicho kiwango cha chini, na zaidi ya hapo ni heri. Inafaa pia kujua aina ya bata ulio nao kabla ya kumwita fundi. Bata wengi wa mitaani kwetu, wale tunaowaita wa kienyeji, wenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, wana asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Wana kucha kali, wanaweza kuruka hadi juu ya ukuta, hupenda kulala wakiwa wameinuka kidogo, na hawapigi kelele. Bata weupe wa Pekin ni wazito, hawaruki, hulala chini, na majike wao hupaza sauti itakayomfikia jirani wa nyumba ya tatu.

Mabanda yanayolinganishwa

Banda la mbao ninalozungumzia husimama juu ya miguu minne au sita, sakafu yake ikiwa sentimita 45 hadi 60 kutoka ardhini, kuta za mbao, wavu sehemu ya juu, na paa la bati. La matofali hukaa chini kabisa: sakafu ya zege, ukuta wa matofali ya saruji hadi mita moja hivi, kisha wavu hadi kwenye paa. La kuhamishika ni fremu ya mbao nyepesi yenye wavu pande zote, halina sakafu, na upande mmoja lina kijichumba kilichofunikwa ambamo bata hulala. Watu wawili hulibeba, au hulivuta likiwa na magurudumu.

Nimeyapima kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni usalama wa usiku, kwa sababu bata hana silaha: hapigani kama jogoo, hana mbio, na giza likiingia hana kinga ila kuta alizojengewa. Cha pili ni ukavu na hewa, kwa kuwa kinyesi cha bata ni cha majimaji kuliko cha kuku, na pumzi ya bata sita katika chumba kidogo hulowesha kuta kabla ya alfajiri. Cha tatu ni miguu, maana unyayo wa bata ni laini na mguu wake hauna nguvu za kurukia na kutulia kama wa kuku. Cha nne ni usafi wa kila siku. Banda gumu kusafisha mwishowe halisafishwi. Cha tano ni gharama, pamoja na muda wa kudumu na uwezekano wa kuhama nalo.

Usalama wa usiku

Kuna jambo linalohusu mabanda yote matatu, nami nililijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza nilizungushia banda wavu wa kuku, ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita. Asubuhi moja nilikuta matundu kadhaa yamekatika yakawa tundu moja la upana wa ngumi, na kwenye ncha za waya zilizopinda kuelekea ndani zilikuwa zimenasa nywele fupi za kijivu ambazo hazikuwa za ndege. Bata jike mmoja alikuwa amelala palepale alipokamatwa, ameng'atwa shingoni, na wenzake watano wamejibana kona ya mbali, kimya kabisa. Wavu wa kuku huwazuia bata wasitoke. Haumzuii kanu (mnyama mdogo wa porini mwenye umbo la paka), kicheche wala mbwa asiingie, na huku kwetu Tanga, penye hewa ya chumvi, kutu huula mapema. Tangu siku hiyo ninatumia wavu mgumu wa kuchomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, unaokazwa kwa skrubu na washa, kwa sababu misumari ya kukunja hung'olewa na mnyama mwenye subira. Ikiwa fedha haitoshi kuuweka kila mahali, uwekwe mita moja ya chini na kwenye matundu yote ya hewa.

Banda la mbao lililoinuliwa lina ubora mmoja ambao mengine hayana: liko mbali na ardhi. Anayechimba hana pa kuchimba, maji ya mvua hupita chini, na siafu wanaweza kuzuiwa. Suala la siafu lisichukuliwe kwa wepesi. Wakipita usiku penye bata anayeatamia hawasazi kifaranga, na mama yake anaweza kufa akiwa juu ya mayai kwa kuwa hataki kuyaacha. Miguu ya banda ikisimama ndani ya makopo yenye maji, njia yao imekatika, mradi ubao wa kupandia uondolewe kila jioni na majani yasiguse kuta. Maji ya makopo hayo yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku chache, vinginevyo mbu watazaliana humo. Kasoro ya banda hili ni mbao yenyewe. Mchwa huanza kwenye mguu, jua hupinda mbao na kufungua nyufa, na panya akipata ufa wa kidole ataupanua kwa meno. Zaidi ya hayo, banda lililoinuliwa sentimita 20 tu hugeuza uvungu kuwa makao ya panya na nyoka. Ndiyo maana ninasisitiza 45 au zaidi, fagio liweze kupita na jicho lione hadi upande wa pili. Tahadhari moja kwa wanaopaka miguu ya banda oili chafu ili kufukuza mchwa: oili ikigusa manyoya ya bata huharibu uwezo wake wa kuzuia maji, na bata akijisafisha huimeza. Ikitumika, iishie sehemu iliyozikwa ardhini peke yake.

Banda la matofali halina mpinzani mbele ya mbwa, nyegere na mwizi. Ukuta hausukumwi, sakafu ya zege haichimbwi, na mlango wa mbao nene wenye bawaba za chuma na kufuli humchosha mtu. Kwa sababu hiyohiyo wenye mabanda haya huacha kuyakagua, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Mara nyingi mwashi humaliza ukuta na seremala akaweka bati juu ya boriti, kukabaki mwanya kati ya ukuta na paa, upana wa kiganja, ambao mchana hauonekani kwa kuwa uko juu ya macho. Kanu ni mpandaji hodari na mwanya huo unamtosha. Chatu mdogo unamtosha pia. Tundu la kutolea maji ya kuoshea sakafu nalo ni mlango wa panya lisipowekewa wavu, na siafu hupita popote pale, kwa hiyo mwenye banda la matofali anabaki na majivu ya kuzungushia na macho yake mwenyewe.

La kuhamishika ndilo dhaifu usiku, na hakuna faida ya kulitetea kwa hilo. Ni jepesi, mbwa wawili wanaweza kulipindua, mwizi anaweza kulibeba lote, na ardhi isiyo sawa huacha nafasi chini ya fremu. Yapo mambo matatu yanayolisaidia sana. La kwanza ni kijichumba cha kulala chenye sakafu yake na mlango wake wa komeo na kufuli, bata wafungiwe humo kila machweo. La pili ni wavu unaolazwa chini kuelekea nje, upana wa sentimita 40, kuzunguka fremu yote, ukashikiliwa kwa vigingi vya chuma. Mnyama anayechimba huanza karibu na ukuta, akikutana na wavu chini ya kucha huchoka. La tatu ni kwamba banda hili linaweza kusogezwa jioni hadi chini ya dirisha la chumba unacholala, kitu ambacho banda la matofali lililojengwa mwisho wa kiwanja haliwezi kukupa. Wavu huo wa kulazwa nje unafaa pia kuzunguka uzio wa mchana wa mabanda yote.

Mchana nao una adui zake. Kenge hufuata mayai na vifaranga, mwewe hushuka kwa kasi, na kunguru wa pwani, ambao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea hadi bara, hupokonya kifaranga mbele ya mama yake. Fremu ya kuhamishika, kwa kuwa imefunikwa juu, ndiyo salama zaidi mchana kwa vifaranga. Wenye mabanda ya mbao na matofali watalazimika kufunika walau sehemu ya uzio.

Ukavu na hewa

Kipimo ninachokiamini hakihitaji kifaa. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango mkubwa, chuchumaa hadi pua yako iwe kwenye kimo cha kichwa cha bata na uvute hewa ya ndani kwa muda. Macho yakiwasha au koo likikereketa, hiyo ni amonia, na bata wamelala wakiivuta usiku kucha. Kisha chukua gao moja la maranda na ulikamue: likibaki donge, limelowa mno na libadilishwe, likimomonyoka, linaweza kugeuzwa na kuongezewa mengine juu. Maranda makavu au makapi ya mpunga yenye unene wa sentimita 10 hufaa kwa sakafu zote. Yenye ukungu yasiingie bandani hata kidogo, kwa sababu ukungu huo hushambulia mapafu ya ndege.

Banda la mbao hukauka haraka kwa kuwa hewa inapita juu na chini, lakini mbao na plaiwudi hunywa maji, na sakafu isiyokingwa huanza kuoza kwenye kona ambako bata hupenda kulala. Mkeka wa plastiki wa kutandikwa sebuleni, ukikatwa na kupandishwa sentimita 10 ukutani, huongeza sana maisha ya sakafu. La matofali lina tabia tofauti: zege halinywi maji mengi, ila halipitishi hewa chini, na wakati wa masika sakafu hubaki baridi na nyevu hata ikiwa haikumwagiwa kitu. Linahitaji mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na maranda mazito zaidi. La kuhamishika halina tatizo la sakafu, kwani leo likiwa hapa kesho litakuwa pale. Tatizo lake ni msimu. Katika mvua za mfululizo kila mahali panakuwa tope ndani ya siku moja, na mwenye uwanja mdogo hana pa kulipeleka.

Kuhusu joto, matundu ya hewa yawe juu ya vichwa vya bata wakiwa wamelala, ili upepo upite bila kuwapiga. Bata hatoki jasho. Hupumua kinywa wazi na kutafuta maji na kivuli. Banda lielekezwe urefu wake mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige upande mfupi. Pwani, kati ya Desemba na Machi, bati tupu hugeuza banda lolote kuwa tanuri. Makuti juu ya bati au kivuli cha mti husaidia sana, lakini tawi lisifike kwenye paa, kwa maana ndilo daraja la kanu. Matofali hutunza joto la mchana hadi usiku, jambo linalochosha Dar es Salaam na kufariji Njombe.

Miguu na mlango

Hapa la kuhamishika linashinda kwa wepesi: bata hutembea juu ya nyasi na udongo, na mlango uko usawa wa ardhi. Kosa moja huharibu faida hiyo yote, nalo ni kuweka wavu kama sakafu ili kinyesi kidondoke. Unyayo wa bata ukikaa juu ya waya kila siku hukatika na kupata kidonda kinachovimba na kukaa muda mrefu bila kupona.

Banda lililoinuliwa linadai ubao wa kupandia ulio mpana na mlalo. Kwa sakafu iliyo sentimita 45 juu, ubao uwe na urefu wa mita 1.35 au zaidi, upana wa sentimita 40, na vijiti vyembamba vya kukanyagia kila baada ya sentimita 10. Bata wa kienyeji huupanda bila taabu. Pekin aliyenenepa huusitasita, na akikurupushwa huruka kutoka mlangoni na kuumia mguu. Kwa bata wazito ningeshauri sakafu isizidi sentimita 45.

Katika banda la matofali, hatari inatoka kwa fundi mwenye nia njema. Mwashi aliyezoea sebule atataka kupiga niru sakafu ing'ae. Niru ikilowa huteleza, na bata akitanuka miguu anaweza kuumia nyonga. Kwa upande mwingine, zege lililoachwa na kokoto zilizochomoza hukwaruza nyayo. Mwambie fundi alainishe kwa ubao wa mkono, aache ukwaru kidogo, kisha maranda yafanye kazi iliyobaki.

Kwa mabanda yote, mlango wa bata uwe mpana, sentimita 40 kwa kuanzia, kwa sababu bata hutoka wote kwa pamoja na hawasubiriani. Kizingiti cha sentimita 10 hutosha kuzuia maranda yasimwagike. Hawahitaji vichanja vya kulalia kama kuku; bata wa kienyeji watafurahia ubao mpana uliowekwa sentimita 30 juu, na hilo ni la hiari. Kiota ni kona yenye giza, sentimita 40 kwa 40, iliyotandikwa nyasi kavu. Bata hutaga alfajiri na mapema asubuhi, kwa hiyo ukiwafungulia saa tatu mayai utayapata ndani, na ukiwafungulia saa kumi na mbili utayatafuta chini ya migomba.

Usafi

Maji ndiyo yanayochafua banda la bata kuliko kitu kingine. Bata anahitaji chombo chenye kina cha kuzamisha mdomo hadi puani ili asafishe pua na macho, na akimaliza, nusu ya maji iko sakafuni. Njia rahisi ni kuacha karai la maji nje na kutoweka chakula wala maji ndani usiku. Bata wazima huvumilia usiku mmoja hivyo, mradi viondolewe vyote viwili kwa pamoja, maana bata akila bila maji anaweza kukabwa. Vifaranga hawaingii katika kanuni hii. Wao wapewe maji muda wote, ya kina kifupi, kwa kuwa wasiolelewa na mama hulowa na wanaweza kuzama.

Banda la matofali husafishwa kwa koleo, ndoo mbili za maji na ufagio wa chelewa, na ndilo pekee linaloweza kuoshwa kwa dawa bila kuharibika. La mbao husafishwa vizuri ikiwa ukuta mmoja mzima unafunguka kama dirisha. Likiwa na kilango kidogo tu, mtu hulazimika kuingiza mkono hadi begani na kazi huahirishwa kila wiki. La kuhamishika linajisafisha kwa kusogezwa kila siku au kila baada ya siku mbili, na samadi inabaki palepale shambani, huku bata wakiokota konokono. Karai na kidimbwi vimwagwe na kujazwa upya kila siku bila kukosa. Dar es Salaam iliguswa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na hakuna bata anayestahili kuwa sababu ya mbu wa mtaa.

Gharama, uhai na kuhama

La kuhamishika ni la bei ndogo kuliko yote, na fremu yake ikipigwa jua na mvua bila dawa ya mbao hudumu misimu michache tu. La mbao liko katikati. Mbao zilizotiwa dawa ni ghali zaidi dukani na nafuu zaidi baada ya miaka mitano. Ukiunganisha kwa boliti badala ya misumari, litafunguliwa na kupakiwa kwenye pikapu siku ya kuhama. La matofali lina gharama ya mkupuo: ukuta wa matofali ya kawaida hula wastani wa matofali 10 kwa kila mita ya mraba, hivyo banda la mita 2 kwa 1.5 lenye ukuta wa mita moja linataka kama 70, mbali na saruji, mchanga, kokoto na ujira. Likishasimama halihami, ila pia halidai kitu kwa miaka mingi zaidi ya wavu na mlango.

Je, banda la kuku lililopo?

Wengi huuliza kama bata wanaweza kuhamia katika banda la kuku. Jengo lenyewe linaweza kubadilishwa likiwa tupu: vichanja viondolewe, mlango upanuliwe, maranda yaongezwe. Kuwalaza bata na kuku pamoja ni jambo jingine ambalo silishauri. Bata hulowesha matandiko ya kuku, na wanaweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha dalili, wakawaachia kuku ugonjwa unaomaliza banda zima.

Uamuzi kulingana na hali yako

Mpangaji ambaye hajui atakaa wapi mwakani asijenge matofali katika uwanja wa mwenye nyumba. Kama uwanja una nyasi na mbwa wa mtaa si wengi, la kuhamishika lenye kijichumba cha kufuli linamfaa. Kama usiku wake una vicheche na mbwa, achukue la mbao lenye boliti.

Mwenye kiwanja chake, hasa mahali ambapo wizi wa mifugo midogo ni jambo la kila mwezi, atalala usingizi zaidi akiwa na matofali, kwa sharti kwamba siku ya kwanza atapanda kwenye ngazi na kuufunga kwa wavu ule mwanya ulio chini ya bati. Matofali yanafaa pia nyanda za juu zenye baridi, yakiwa na maranda ya kutosha.

Anayeishi bondeni, kwenye udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, au mahali penye siafu, aanze na la mbao lililoinuliwa. Huyo asijenge sakafu ya chini hata akiwa na fedha, kwa sababu maji ya masika hayaangalii gharama ya zege.

Mwenye bustani kubwa ya mboga, mwenye muda wa asubuhi na mikono miwili ya kumsaidia, atapata faida kamili ya banda la kuhamishika. Anayeondoka alfajiri na kurudi usiku asilichague, kwa kuwa banda lisilosogezwa kwa wiki moja linakuwa chafu kuliko yote matatu.

Anayeishi kando ya ziwa au bwawa afikirie kwanza ndege wa porini. Mnamo Januari 2017 Uganda ilitangaza mafua makali ya ndege yaliyoua ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na bata wa nyumbani anayechanganyika nao majini yuko katika njia hiyohiyo. Kwake uzio wenye paa ni wa lazima, na banda la mbao au la matofali lenye uzio uliofunikwa ni rahisi kulidhibiti kuliko fremu inayosogea hadi ufukweni.

Na kama una bata anayeatamia sasa, usimhamishe. Bata wa kienyeji hukaa juu ya mayai siku 35 hivi, wa aina nyingine 28. Jenga banda jipya kando, kaza wavu wa nusu inchi sehemu yote ya chini kwa ajili ya vifaranga watakaokuja, na umwache mama atotoe pale alipo. Vifaranga wakishaweza kumfuata mama yao hadi kwenye karai na kurudi, wahamishe wote kwa pamoja, jioni, mama akiwa ameshikwa kiwiliwili na si miguu, ili waamkie ndani ya kuta ambazo tayari umezikagua kwa mkono wako.